Foleni ya Msamaha

Ukitaka kuwaona Waothodoksi wa Kfar Barun wakisameheana upesi, njoo Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, saa ya sala ya jioni, wakati wana njaa.

Siku hiyo ndiyo ya mwisho kula jibini, maziwa na mayai mpaka Pasaka. Kila nyumba ina sinia la sambusa za jibini lililofunikwa kitambaa, wali wa maziwa umeachwa upoe dirishani, na mwenye nyumba ameshaonja pombe yake ya araki kidogo ili kuhakikisha haijaharibika. Kati ya watu na masinia yao kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni foleni.

Inakwenda hivi. Sala ikiisha, padri anasimama mbele ya milango ya madhabahu. Wa kwanza anamwendea, anainama na kusema, "Nisamehe mimi mwenye dhambi." Padri naye anainama, "Mungu husamehe. Nisamehe na mimi." Wanabusiana mashavuni. Huyo wa kwanza anasimama kando ya padri, wa pili anakuja kwa padri kisha kwake, wa tatu vilevile, hadi foleni imezunguka kuta zote na kila mtu amemwinamia kila mtu. Ni desturi nzuri sana, na mimi niliyetoka kwa Wamaroni, Wakatoliki wa huku, nikaolewa hapa niliipenda mwaka wa kwanza. Kwetu tunapakwa majivu na kwenda zetu. Hapa unalazimika kumtazama usoni jirani aliyekuhamishia mpaka wa shamba la mizeituni.

Mwaka wa pili nikaanza kusikiliza vizuri. Wale wa mwanzo husema maneno yote. Katikati ya foleni imebaki "Nisamehe." Karibu na mlango ni pumzi tu. Nimewahi kumsikia bibi akimwomba mwenzake msamaha, akimuuliza habari za goti lake na kumwelekeza dawa, vyote bila kuvuta pumzi. Na hakuna, katika miaka yote niliyosimama humo, aliyewahi kutaja kosa. Mtu aliyekuvunjia nyumba anakuomba msamaha kwa maneno yaleyale aliyotumia kwa mtoto mchanga uliyembeba.

Bingwa wa foleni hiyo alikuwa Nakhle, tunayemwita Baba Iskandar kwa jina la mwanawe, mwenye kinu cha kukamulia zeituni na mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Yeye ndiye aliyetangulia kila mwaka. Aliinama mpaka tai ikagusa sakafu, akashika moyo, akafumba macho. Wageni kutoka Beirut walimpiga picha.

Huyu Nakhle ndiye aliyesimama barazani pa kahawa, miaka kumi hivi iliyopita, akasema kwamba Mikhail ameuza ikoni, ile picha takatifu ya Mtakatifu Thekla. Mikhail alikuwa mpiga kengele wetu na mwasha taa za kanisa, mtu mpole hadi anaudhi. Ikoni ilikuwa imetoweka ukutani, Mikhail ndiye mwenye funguo, na Nakhle alisema anamjua hata mnunuzi, mtu wa vitu vya kale kule Tripoli. Hakuna aliyeuliza jina la mnunuzi. Mikhail akanyang'anywa funguo. Watu wakaacha kumwalika wakati wa mavuno, na yeye akaacha kutoka nje, na mwaka wa tatu akafa. Siku ya maziko kengele haikulia. Mpiga kengele mpya alisema kamba imekatika. Jumapili iliyofuata kamba ilikuwa imepona.

Mkewe, Afifeh, alibaki peke yake katika nyumba ya mwisho, njia ya kwenda kisimani. Hawakujaliwa mtoto. Kanisani hakuja tena.

Basi mwezi wa Desemba mama yake Nakhle akafariki, Mungu amrehemu, wakasogeza kabati lake, na nyuma yake, ndani ya shuka, yupo Thekla mzima mzima, hata vumbi hana. Wewe ungefikiri Nakhle angekwenda moja kwa moja nyumba ya mwisho, avue kofia. Nakhle alikwenda kanisani na ikoni kichwani, kengele zikapigwa mpaka mbwa wakabweka, akatutangazia kwamba mama yake alikuwa mzee na akili zilikuja na kwenda, na kwamba Mtakatifu mwenyewe amechagua siku ya kurudi. Mama mtu alikuwa na wiki moja kaburini, hakuwa na la kujibu. Watu walilia kwa furaha. Jina la Mikhail halikutajwa na yeyote, na nilipolitaja mimi nikaambiwa, "Wewe Mmaroni, mambo yameshakwisha, usichimbue."

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ndiyo ya kutembeza ikoni kuzunguka kanisa, na Nakhle alitaka kumbeba Thekla. Padri Spiridon akamwambia mbele ya kamati kwamba atakayembeba awe na amani na watu wote. "Watu wote, Baba Iskandar." Alisema hivyo huku anatazama dirisha. Nakhle akaelewa, na kama kawaida yake akatuma wanawake.

Tukatumwa wawili, mke wa padri, tunayemwita Mama Padri, na mimi, kwa kuwa Afifeh hununua uzi kwangu na hajawahi kunifukuza. Tulimkuta anachambua dengu za Kwaresima. Mama Padri akaweka sinia mezani.

"Tumekuja kukuona, mpenzi."

"Mmesikia nimekufa?"

"Acha hizo. Tumekuletea sambusa, bado za moto."

"Za nyumba gani?"

Mama Padri alinitazama nisaidie. Sikusaidia. "Za kwa Baba Iskandar," akasema. "Mke wake kakanda mwenyewe."

"Mkono wake ni mzuri kwa unga." Afifeh akatupa kijiwe nje ya dirisha, akaendelea na dengu. "Anataka nini?"

"Anataka amani. Njoo leo kwenye sala, Afifeh. Msameheane, tuanze Kwaresima kama watu. Mungu anawasamehe wote kila siku, sasa wewe nani usisamehe?"

"Nani kasema sisamehi? Hajaniomba mtu."

"Leo atakuomba, mbele za watu wote."

"Ataniomba nini?"

"Msamaha, jamani."

"Wa nini?"

Mama Padri akashusha pumzi ya mtu anayefundisha wajinga. "Usianze, mpenzi. Hayo ya wa nini anayajua Mungu."

"Basi aende kwa Mungu, mimi mmeniletea sambusa za nini?"

Nilicheka, nikakanyagwa mguu chini ya meza. Lakini Afifeh hakuwa anacheka. Aliuacha ungo, akaniambia mimi, si Mama Padri, "Wadia, uongo ule aliusema mbele ya watu. Walikuwa wengi, walimaliza kahawa wakaagiza nyingine. Nataka mdomo uleule useme, watu walewale wasikie, kwamba Mikhail hakuchukua kitu. Sitaki kingine kwake." Halafu akainuka kutafuta koti lake jeusi. Mama Padri akafurahi, akadhani ameshinda.

Kanisa lilijaa. Sala ikaenda vizuri, yaani haraka. Harufu ya uvumba ilikuwepo, na pale mlango ulipofunguliwa iliingia harufu ya siagi kutoka nyumba za jirani, na nikawaona watu wazima wakimeza mate katikati ya zaburi. Padri Spiridon akavua vazi jeupe, akavaa la zambarau, akasimama mahali pake. Nakhle akajinyoosha tai na kuanza kutembea kwa ule mwendo wake wa wageni kutoka Beirut.

Afifeh akampita. Sikujua kwamba mwanamke wa umri ule anaweza kutembea upesi hivyo. Alifika kwa padri kwanza, akainama, wakasemezana yale maneno, wakabusiana, naye akageuka akasimama kando yake, ameziba njia. Kwa hiyo Nakhle akawa wa pili. Mimi nilikuwa wa tatu, nyuma ya kisogo chake, na nyuma yangu kijiji kizima na njaa yake.

Nakhle alimaliza kwa padri, akasogea hatua moja. Akainama, tai sakafuni, mkono moyoni.

"Nisamehe mimi mwenye dhambi."

"Kwa lipi, Baba Iskandar?" akauliza Afifeh.

Alibaki ameinama. Nadhani alifikiri hakusikika sawasawa. Akarudia, kwa sauti nzuri zaidi, "Nisamehe mimi mwenye dhambi."

"Nimekusikia. Kwa lipi?"

Akainuka. "Kwa yote, dada yangu. Kwa kila nililokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

"Ya kutojua nimekusamehe njiani nikija. Taja ya kujua."

Nyuma yangu mtu akauliza mbona hatusogei. Mwingine akamjibu kwamba Afifeh anataka orodha. Likapita wimbi la kunong'ona, na kunong'ona kwa watu wenye njaa hakuna upole. Nilisikia "leo siku ya amani," nikasikia "huyu mama ana moyo mgumu," nikasikia sauti ya mwanamume akisema kwa huzuni ya kweli kwamba jibini ikipoa inakuwa mpira. Mama Padri alichomoza kichwa kwenye foleni, akaita kwa upole, "Afifeh mpenzi, sema tu 'Mungu husamehe.' Ni maneno mawili."

"Hata kwake nataka maneno machache," akasema Afifeh. "Sijui kwa nini yake ni mazito kuliko yangu."

Nakhle akafuta uso kwa leso. Alianza kuhubiri. Alisema sote ni wenye dhambi, na asiye na dhambi hayupo, na Bwana msalabani hakuwauliza wale askari maswali. Alihubiri vizuri, na watu wakaitikia, na mimi nikaona kwamba dakika mbili zijazo Afifeh ndiye atakuwa mkosaji na Nakhle ndiye aliyekosewa. Hii ni kazi ngumu, na baadhi ya watu wa kanisa wanaifanya bila kutoka jasho.

Afifeh alingoja amalize. "Kwa lipi?"

Hapo hasira ikampanda. Mtu mwenye akili angesema neno moja na kwenda kula. Lakini Nakhle alikuwa na kiburi cha aina ya pekee, kiburi cha mtu anayejua kwamba karatasi zake zote kwa Mungu ziko sawa, na alikuwa ameguswa hapohapo.

"Unaniuliza kana kwamba sijatubu," akasema, na sauti yake ikajaa kanisa. "Mimi hili nimeliungama. Nililiungama Pasaka ileile, kwa Padri huyuhuyu, stola yake ikiwa juu ya kichwa changu, na nikafunguliwa. Mungu alishanisamehe kabla hata mumeo hajafa. Wewe unataka nini zaidi ya Mungu?"

Sidhani yeye mwenyewe alisikia alichosema. Sisi tulisikia. Pasaka ileile. Ikoni iliyokuja kuonekana Desemba hii kwa mapenzi ya Mtakatifu, mtu huyu alijua ilipo tangu Mikhail yu hai, anapita njiani na kofia mkononi, anasalimia migongo ya watu. Na mama yake, ajuza wa watu, amebebeshwa lawama ya mwanawe kaburini.

Afifeh hakupiga kelele. Alimgeukia padri, aliyekuwa hapo kando yake, karibu kiasi cha kugusana mabega.

"Ulijua, Baba?"

Padri Spiridon hakujibu. Maungamo hayatolewi nje, hilo hata sisi Wamaroni tunalijua. Padri atakatwa ulimi kabla ya kusema ndiyo au hapana. Hakuweza kumtetea Mikhail kwa neno alilopewa chini ya stola. Lakini hakuna sheria iliyomkataza kupiga kengele. Nilitamani kumwambia hivyo, na nafikiri ilikuwa imeshamfikia, maana mzee yule mnene, mwenye magoti mabovu, alishika ukingo wa kiti cha mwimbaji akajishusha hadi sakafuni, taratibu, na mtu asithubutu kumsaidia.

"Nisamehe, Afifeh," akasema. "Siku ya Mikhail kamba haikuwa imekatika. Niliambiwa imekatika, nikafurahi kuambiwa, sikwenda kuitazama."

Afifeh akamwinamia. "Mungu husamehe, Baba," akasema.

Ungefikiri Nakhle angefuata. Badala yake alitazama huku na huku, akaona nyuso zimegeuka, akaona hata mke wake ameangalia pembeni, na akafanya kile ambacho mtu aliyekamatwa hufanya, akamtafuta mwenzake wa kukamatwa naye.

"Haya," akasema. "Foleni hii si ya mtu mmoja. Na wewe unatakiwa uniombe msamaha, au umesahau, maana hukanyagi kanisa. Hebu tusikie. Kwa lipi, Bi Afifeh?"

Mtu nyuma akasema, "Aibu, Nakhle." Lakini Afifeh aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amebadilika rangi. Kwa mara ya kwanza jioni ile nilimwona anaogopa, na haikuwa kumwogopa Nakhle.

"Umeuliza vizuri," akasema. "Tangu nimzike Mikhail nimekuwa nikimwomba Mungu akuue ghafla. Kinuni, au usingizini, popote, mradi usipate nafasi ya kusema hata neno. Nilisali kuliko nyinyi mnaokuja hapa. Kwa sababu namjua Mungu alivyo. Ungefungua mdomo tu, ukasema nimekosa, angekusamehe papohapo, angekuweka meza moja na Mikhail wangu kana kwamba hakuna kitu. Mimi sikutaka akusamehe. Niliposikia sasa hivi kwamba alishakusamehe wakati mume wangu yu hai bado, nikamchukia na Yeye. Hilo ndilo langu, na ni kubwa kuliko lako. Nisamehe, Nakhle."

Akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye sakafu ya mawe, mbele ya viatu vya yule mtu.

Nilikuwa nimejaa maneno ya kumtukana Nakhle, niliyaandaa tangu Desemba. Yalinikauka. Nakhle alisimama juu ya yule mwanamke, mikono imening'inia. Alikuwa ameomba msamaha kwa kijiji kizima mwaka baada ya mwaka, na sasa ameombwa. Akafungua mdomo aseme lile jibu ambalo mtoto wa miaka mitano analijua. Halikutoka. Alijaribu tena. Halafu akaketi sakafuni na suti yake, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Kasema nini?" akauliza kwa nguvu mzee Rashid, ambaye ni kiziwi na alikuwa karibu na mlango. "Hatusikii huku."

Hakuna aliyecheka. Nakhle akafuta pua kwa mkono, mtu wa leso za hariri, akasema tena ili mlango usikie.

"Mikhail hakuiba. Mama aliichukua ikoni aniwekee kitandani, nilipokuwa napasuliwa kule Tripoli. Niliporudi niliikuta nyumbani wiki ileile, lakini nilikuwa nimeshamtaja Mikhail. Nikaona aibu. Nikamwambia mama anyamaze. Padri aliniambia niirudishe na niseme, nikasema baada ya Pasaka. Kila mwaka nilisema baada ya Pasaka."

"Mikhail hakuiba," mzee Rashid akamwambia aliye jirani yake, kwa ile sauti ya viziwi, na ikasikika hadi barabarani.

Afifeh alikuwa bado ameinama. Alipoinua uso, alama ya mawe ilikuwa imechoreka kwenye paji. Kile alichokitaka alikuwa amekipata, kimesemwa na mdomo uleule, na angeweza kuinuka akaenda nyumbani kwa dengu zake.

"Mungu husamehe," akamwambia Nakhle. Alisema polepole, na ilimuuma, maana alijua anachokitoa na kwa nani. Kisha hakuinuka. "Na mimi je? Bado hujanijibu."

Nakhle akamtazama. Walikuwa wote sakafuni, wamekaribiana, wazee wawili wenye macho mekundu, na nikaona kwamba ndipo anapoelewa kuwa anaombwa kweli, na kwamba anaweza kumnyima.

"Mungu husamehe," akasema, na akashindwa kuendelea na sehemu iliyobaki, ile ya "Nisamehe na mimi."

Mimi ndiye niliyekuwa nifuate. Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wote wa Kfar Barun waliokunywa kahawa barazani siku ile, na hakuna aliyenisukuma.